Krismasi Ilikula Harusi ya Kendi, Mungu Akairudisha

Bwana asifiwe, kanisa! Na asifiwe mara ya pili kwa hao wanaotafuta viti huko nyuma. Ingieni, ingieni, sijafika mbali. Leo hakuna mtu atalala mimi nikiwa nimesimama hapa, nawaahidi!

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kama Mama Kendi wa soko. Nauza vitunguu na nyanya kutoka Rapsu, na sauti yangu mnaijua vizuri kwa sababu imewaita mara nyingi mkijifanya hamnisikii. Pasta ameniomba nisiseme sana. Nikamwambia, Pasta, hilo muombe mtu mwingine. Jambo ambalo Mungu amenitendea nimelibeba tumboni muda mrefu, nikangoja harusi ipite kwanza ndipo nilitoe. Sasa imepita. Jana mliiona kwa macho yenu. Hata sauti hii mnayoisikia inakwaruza kwa vigelegele. Si homa. Ni furaha!

Watu wamesimama hapa wakashuhudia kwamba Mungu amewatoa kwenye pombe. Mwingine alitolewa kwenye kamari, mwingine kwenye miraa. Mimi sijawahi hata kunusa chang'aa. Mimi Mungu amenitoa kwenye Krismasi.

Chekeni tu! Hata Pasta amenigeuzia macho. Sisemi kuzaliwa kwa Yesu, jamani. Yesu azaliwe, tumshangilie mpaka koo liume. Nasema ile Krismasi yangu mimi, ya Mama Kendi, yenye ng'ombe na mahema na spika za kukodisha. Yesu mwenyewe angefika pale angekosa kiti, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimekaliwa na watu wa Meru.

Wacha niwaambie ilivyoanza. Mimi na Baba Kendi tuliteremka Isiolo tukiwa vijana, mikono mitupu. Yeye akaendesha lori la mtu, mimi nikaanza na debe moja la nyanya. Mungu akatuinua, tukapata ploti Bulapesa, tukajenga. Nyumba ilipoisha tukawaita ndugu za mzee wangu kutoka Meru waje wale Krismasi kwetu, waone vile Mungu ametenda. Wakaja. Tulichinja, tukala, tukaimba, ikapendeza sana. Shida ni kwamba mwaka uliofuata walikuja tena, na safari hiyo hakuna aliyewaita. Na uliofuata pia. Ikawa sheria. Shemeji yangu Mutuma, kaka mkubwa wa Baba Kendi, akawa anapiga simu mwezi wa kumi kuniuliza, "Mwaka huu ng'ombe ni ya rangi gani?" Na mimi nacheka hee hee, namwambia, "Njoo ujionee!"

Ndugu zangu, sifa ni tamu! Sifa inaingia mwilini kama sukari, na hujui umeugua mpaka siku umeanguka. Kila Krismasi ilibidi iipite ile ya mwaka jana. Mapazia mapya. Vitambaa vya viti vipya. Watoto wote kitambaa kimoja, utadhani ni kwaya. Hema, viti vya plastiki, masoda yamepangwa mpaka dirishani. Halafu sasa, ng'ombe!

Nyinyi mnakaa hapa, mnajua soko letu la mifugo likoje wiki ya Krismasi. Pikapu zimejaa kutoka Meru na Nanyuki, kila mtu anataka mnyama na anamtaka leo. Mimi ndiyo wiki niliyokuwa naenda. Navaa viatu vya kanisa, nabeba mkoba, najipaka marashi. Mabroka wakiniona kwa mbali wanaanza kusukumana. "Mama ya Krismasi amekuja! Mpisheni!" Mimi nafikiri wananiheshimu. Kumbe nanyolewa bila maji!

Januari ikifika, mnanikuta nimekaa nyuma ya meza haina kitu. Wateja wanauliza vitunguu, nawaambia gari halijafika. Gari gani? Gari lilikuwa tumboni mwa wageni! Nyumbani ni chai ya rangi na kutazamana. Baba Kendi ni mtu wa maneno machache, angekunywa ile chai, aseme asante, aende kazini. Na Februari ikifika mimi nimesahau yote, nimeanza kufikiria Krismasi inayokuja.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini siku moja yakamgusa mtoto.

Kendi ni kifungua mimba wangu. Anafundisha watoto wadogo wa chekechea, mnamjua, mpole kama baba yake. Na Lokai mnamjua, fundi wa mawe, ile sauti nene kwenye kwaya yetu. Walipendana humu humu kanisani, kwa adabu, bila kujificha. Lokai alilelewa na nyanya yake tu, na yule nyanya hana kitu. Lakini alijikaza, ukoo wake wa Waturkana ukasimama naye, wakaleta mahari. Mbuzi wazuri, wanene, wanang'aa! Tukaonea huruma ile familia, tukasema mmefanya yenu, karamu ya harusi tuachieni sisi. Tukapanga iwe mwezi wa nne. Pesa tukaweka kando. Mbuzi tukawaweka kwenye zizi nyuma ya nyumba, tukasema hawa ni wa harusi, mtu asiwaguse.

Halafu Krismasi ikaja ikawakuta pale.

Mwaka ule wageni walizidi. Nyama ikaisha kabla ya watu. Mutuma akatembea mpaka nyuma ya nyumba, akachungulia, akauliza, "Na hizi ni za nini?" Ningemwambia ni za harusi, asingegusa, si mtu mbaya. Lakini mbele ya wageni wote wale nikubali aibu, niseme nyama imeisha? Nikasema chukua mmoja. Akachukua mmoja. Kesho yake waliobaki. Na ile pesa ya kando ikamalizia soda na hema. Mwezi wa nne ukafika nikamwambia Kendi, mama, tuvute kidogo mpaka mwezi wa nane. Mwezi wa nane nikamwambia tuvute tena.

Mtoto hakulalamika. Lakini niliona Lokai akiimba hapa ameinamisha kichwa. Kila mtu akimsalimia anamuuliza harusi lini. Na nikasikia kwa watu kwamba ameanza kuulizia chumba cha kupanga huko mtaa wa Kiwanjani. Mnaelewa maana yake. Watoto wetu wangapi wameanza maisha hivyo, wakaingia chumbani bila madhabahu, si kwa kupenda dhambi, ila kwa sababu wazee wao walikula harusi? Mimi, mama wa ushirika wa akina mama, niliyekuwa nawafundisha wengine habari ya ndoa takatifu!

Na bado, ndugu zangu, sikujifunza. Krismasi iliyofuata nikanunua ng'ombe mkubwa kuliko wote. Nilisema hii ni ya mwisho, niifanye ya kukumbukwa. Ni kweli, ilikumbukwa!

Sisi wa Isiolo tuna desturi yetu. Ukiwa Mkristo na unataka jirani yako Mwislamu ale kwako, unamwita Mwislamu achinje. Ni heshima tu, wala haimpunguzii mtu wokovu. Mimi na Mama Habiba tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tujenge. Ni Mborana, anauza nguo, na mume wake ni Mzee Abdi. Kila Krismasi Mzee Abdi ndiye alikuwa anashika kisu kwetu, na mtaa mzima unakula bila wasiwasi. Siku ile alipata mgonjwa wa kupeleka hospitali, akatuma neno kwamba atachelewa kidogo, tumngoje.

Mimi niko jikoni na chapati. Mashemeji wako uani, maji yanachemka, njaa inawauma, na ng'ombe anawatazama. Nilipotoka nje nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi, ng'ombe alikuwa chini. Mutuma anapangusa kisu, anatabasamu. "Tumekusaidia, shemeji!"

Woi! Nilitafuta mahali pa kukaa nikakosa.

Mara majirani wakaanza kuingia. Mama Habiba yuko mbele, na wamama wa mtaa, Waborana kwa Wasomali, wamevaa wakavaa kweli, wamebeba zawadi. Akanikaribia, akaniuliza polepole ili wengine wasisikie, "Mama Kendi, Abdi alifika?" Sasa mimi nidanganye? Nimlishe jirani yangu kitu ambacho dini yake inamkataza? Nikamwambia hakufika. Akanishika mkono, akasema, "Haya, basi leo ni soda." Na walikunywa soda, ndugu zangu! Walikaa, wakacheka na sisi, wakaibariki nyumba, hakuna hata mmoja aliyeninunia. Lakini nyama hawakuigusa, na wao ndio walikuwa wengi kuliko wageni wa Meru.

Ng'ombe mzima! Joto la Isiolo la Disemba mnalijua. Ukipeleka nyama kwa Mkristo mwenzako, na yeye amechinja, anatafuta wa kumpa. Kuikausha nani akae aikaushe, wageni wanaita chai? Wageni wakapakia walichoweza, wakapanda kwao. Iliyobaki ikaanza kunuka. Baba Kendi akachukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo. Kendi akatoka na sepetu kumsaidia kufukia. Mimi nimesimama nimeshika pua.

Kendi akatupia udongo, akasimama, akasema, "Mama, hii ni harusi yangu tunazika."

Hakulia. Angalieni vizuri, angelia ningemnyamazisha. Hakulia. Akaniambia, "Nitawangojea Krismasi moja tu. Ikienda kama hii, msiniulize nimehamia wapi."

Haleluya! Mungu wakati mwingine anatuma malaika, wakati mwingine anatuma sepetu mkononi mwa mtoto wako. Nilipiga magoti pale pale karibu na lile shimo, na ile harufu, na nzi. Nikasema, Bwana, mimi nimefungwa. Nikiona hii siku inakuja akili inaniruka. Nitoe, sitaki kumpoteza huyu mtoto. Siku nyingi nilikuwa naomba Mungu aniongezee pesa ya Krismasi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza niliomba aniondolee Krismasi yenyewe.

Na Mungu akajibu kupitia ukuta wa jirani! Mama Habiba alikuja na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza. "Mimi sijakasirika. Lakini wewe, dada yangu, unakaa Isiolo hii miaka yote na unanunua mnyama kama mtu ya Nairobi! Mnyama ya sherehe unanunua siku ya sherehe?" Akacheka mpaka shungi likaanguka. Na mimi niliyekuwa na machozi nikajikuta nacheka.

Akanieleza. Yeye mbuzi wake wa Idd hamnunui Idd ikikaribia. Ana kaka yake anayekaa huko Biliqo, anachunga. Katikati ya mwaka, wakati hakuna mtu anafikiria sherehe, ananunua mbuzi wadogo, majike, anawapeleka kwa kaka yake. Wanakula majani ya Mungu, wanazaa. Yule kaka anakunywa maziwa na anachukua sehemu yake ya watoto wanaozaliwa. Sherehe ikifika, wa kuchinjwa yuko, wa kuuzwa yuko, na wale mama wamebaki. "Kila ukiuza vizuri sokoni, toa kidogo unipe mimi," akasema. "Mimi nitakuwa mkali. Ukija kuniomba hiyo pesa ununue pazia, nitakufukuza." Nikamwuliza, na ukame ukija? Akasema, "Ukame ikija tutalia pamoja. Lakini hiyo ng'ombe yako imekufa bila ukame." Jamani! Huyo mama ana mdomo! Na msifikiri alijifanya mtakatifu. Aliniambia Idd ya kwanza ya Habiba alinunua nguo na dhahabu mpaka Mzee Abdi akashinda akila mkate mkavu.

Basi tukaanza. Mbuzi wa kwanza nilimnunua mimi mwenyewe, siku ya kawaida, nimevaa malapa na leso ya sokoni, nanuka vitunguu. Broker hakunitambua! Nilipomwambia ni mimi alikaribia kulia. Tukampakia kwenye lori la Merti, akaenda Biliqo. Halafu mwingine, halafu mwingine. Baba Kendi naye, bila kuniambia, akiwa na safari nzuri anapitia kwa Mama Habiba kuacha kitu. Kendi tulimwambia. Alinitazama tu kama mtu ambaye ameshasikia mengi.

Na mtihani haukukosa. Mvua ilichelewa. Kaka wa Mama Habiba akapiga simu akasema malisho yameisha, anawasogeza mbuzi mbali, tuombe. Ndugu zangu, niliomba! Ile wiki niliuza nyanya nikiangalia mawingu. Mama Habiba anaomba upande wake wa ukuta, mimi naomba upande wangu. Wawili wakafa. Nililia kama wamekufa watu. Halafu mvua ikanyesha Merti, ikanyesha Biliqo, ikanyesha mpaka barabara ikakatika, na mbuzi wetu wengine wote wakapona, na wengine wana mimba. Asifiwe Mungu wa mvua!

Sasa mwezi wa kumi. Simu ikalia. Mutuma. "Shemeji, mwaka huu ng'ombe ni ya rangi gani?"

Nikasema, "Shemeji, mwaka huu hakuna ng'ombe. Kuna mbuzi mmoja. Mje, tunawapenda, lakini kila nyumba ije na chakula chake, tuchanganye."

Nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwani mmefilisika?"

"Hapana, shemeji. Tunafanya harusi."

"Mtu atoke Meru mpaka Isiolo amebeba sufuria? Watu watasema nini?"

Ndugu zangu, hilo neno! Watu watasema nini! Ile ndiyo kamba niliyokuwa nimefungwa nayo miaka yote. Ulimi wangu ukaanza kutafuta ng'ombe, haki ya Mungu, nilikuwa karibu kusema basi tutaona. Ndipo Baba Kendi, mtu wa asante tu, akanyoosha mkono akachukua simu. Akasema, "Mutuma, ile nyama nilichimbia shimo kwa mikono yangu. Sirudii. Ukija, karibu sana. Usipokuja, nitakuja kukuona Januari, kwa sababu mwaka huu Januari nitakuwa na nauli." Akakata, akanirudishia simu, akaenda kuoga. Mimi nilimshangilia mume wangu mpaka mlango wa bafu!

Lakini Shetani hachoki. Wiki ya Krismasi nilienda soko la mifugo kumpokea yule mbuzi mmoja, ametumwa kwa lori. Broker mmoja akaniona. "Mama ya Krismasi! Nimekuwekea." Akanipeleka mpaka nyuma. Jamani, ng'ombe! Mwekundu, nundu imesimama, anang'aa kama amepakwa mafuta. Nikamwambia sina pesa. Akasema, "Nani ametaja pesa? Tunajua una mbuzi Biliqo. Nipe hao, chukua huyu." Mji huu una siri? Hauna! Nikanyoosha mkono nikamgusa yule ng'ombe. Nikaona sura ya Mutuma akishuka kwenye gari, akimwona. Nikaona hema. Nikasikia muziki. Mdomo wangu ukafunguka kusema ndiyo, na nikamwita Yesu kwa sauti, pale sokoni, mpaka watu wakageuka. Nikashika kamba ya mbuzi wangu nikakimbia! Mwanamke wa mwili huu! Lapa moja lilibaki, sikurudi kulichukua. Yule mbuzi alikuwa ananifuata akishangaa ametumwa kwa mtu wa aina gani.

Krismasi ikafika. Mzee Abdi alikuja asubuhi hata chai haijaiva, akasema safari hii hata mgonjwa akiwa malaika, hamniondoi hapa. Akachinja. Mama Habiba akaja na sinia la wali, jirani yetu Msomali akaleta mikate ya anjera. Mchana Mutuma akafika, uso umekunjwa. Lakini nyuma yake alikuwa mke wake, amebeba sufuria kubwa ya mukimo, na watoto wamebeba ndizi na viazi, wanacheka! Tukatandika mikeka. Hakuna hema, hakuna spika. Na mtaa mzima ukala, Mkristo kwa Mwislamu, sahani moja! Mutuma akakaa na Mzee Abdi, wakaanza kubishana bei ya ngamia, wakabishana mpaka jioni, kicheko kinasikika barabarani.

Na mke wa Mutuma akanivuta jikoni. Akaniambia, "Mama Kendi, Mungu akubariki. Hujui tumeumia miaka mingapi. Kila Krismasi mzee anahangaika kutafuta nguo za watoto na gari la kukodi, ili tukija kwako tusionekane maskini." Kumbe! Mimi nalia huku, yeye analia kule, na sote tunatabasamu kwenye picha! Tulishikana tukaruka ruka kama wasichana, mwiko bado uko mkononi. Bwana alitufungua wote siku moja.

Na jana, ndugu zangu, jana! Mlikuwepo. Hamkuletewa kadi ya mchango, na wengine mlininunia mkidhani nimewasahau. Sikuwasahau! Mbuzi wa Biliqo waliteremka, wengine wakauzwa wakawa gauni, pete na viti. Wengine Mzee Abdi akawachinja, na mlikula mkashiba na hakuna nyama iliyofukiwa. Mutuma alikuja na gunia la viazi begani, mwenyewe, akipiga kelele za furaha. Nyanya wa Lokai alicheza mpaka fimbo akaitupa! Pasta alipouliza ni nani anamtoa binti huyu, Baba Kendi alisimama akasema, "Ni mimi na mama yake," halafu akalia mbele yenu wote, na mimi nikapiga kigelegele kilichoniachia sauti hii. Na kesho Jumatatu njooni sokoni. Meza imejaa, vitunguu viko, nyanya ziko. Nimefanya sherehe na biashara yangu haijafa!

Sasa kuna jambo moja ambalo hamkuliona, na nikilisema nitakaa chini.

Jana asubuhi nilikuwa namfunga Kendi vifungo vya gauni, mgongoni. Tuko wawili tu chumbani. Akaniambia bila kugeuka, "Mama, Disemba mimi na Lokai tulikuwa tumeshapata chumba Kiwanjani. Jioni ile ya kuamkia Krismasi nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye begi, nimekaa kitandani. Nilikuwa nasikiliza tu. Ng'ombe akilia uani, natoka kwa mlango wa nyuma."

Nikashindwa kufunga kifungo. Nikamuuliza, "Halafu?"

Akasema, "Nikamsikia mbuzi. Mmoja. Nikafungua begi."

Ndugu zangu! Mimi jioni ile nilikuwa jikoni naosha mchele, sijui kitu. Sikujua kwamba upande wa pili wa ukuta mtoto wangu amekaa na begi miguuni, anasikiliza kama ninampenda. Ningechukua yule ng'ombe mwekundu, asubuhi ningeamka nimpikie pilau mtu ambaye ameshaondoka. Mungu alinikimbiza pale sokoni bila kuniambia ananikimbiza kwa ajili ya nini. Asante, Yesu! Asante kwa ajili ya Kendi na Lokai. Asante kwa Baba Kendi. Asante kwa jirani yangu Mama Habiba, ambaye hawezi kuwa humu leo lakini najua yuko nyumbani anasimulia haya haya, na anayaongezea chumvi.

Na wewe ndugu yangu, dada yangu, unayefikiria sherehe inayokuja na hujui pesa itatoka wapi, usiogope. Mwamini Mungu kwa hili jambo, ni lake kama mengine yote. Waambie watu wako ukweli, hata kama simu itanyamaza kidogo. Anza leo, na kidogo ulicho nacho. Kwa sababu nyumbani kwako pia kuna mtoto amekaa chumbani, kimya, na anasikiliza utafanya nini.